Homa Isiyokwisha: Tusikilize na Moyo Pia



Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Mwenye mahindi uani huyatazama mawingu mapema, akaanua kabla tone la kwanza halijaanguka. Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunataka kuzungumza juu ya ugonjwa ambao mawingu yake hutanda kwa majuma mengi, nasi tukayatazama na kusema, "Ni malaria tu, itapita." Ugonjwa huo ni uambukizo wa milango ya moyo. Waganga huuita endokaditisi.

Tuseme maoni yetu tangu mwanzo, ili msomaji ajue tunakoelekea. Baada ya miaka mingi ya kuhudumia wagonjwa wodini, tunaamini kwamba mara nyingi ugonjwa huu haujifichi. Sisi ndio tunaouficha. Familia huuficha kwa vidonge vichache vilivyonunuliwa dukani. Sisi wahudumu wa afya tunauficha kwa kuandika dawa kabla ya kumchunguza mgonjwa mwili mzima, kuanzia kucha hadi kifua. Na gharama ya kuuficha ni kubwa, kama tulivyojifunza kwa binti mmoja.

DAFTARI LA BINTI MMOJA

Miaka kadhaa iliyopita aliletwa wodini kwetu binti wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha pili. Baba yake mdogo aliendesha pikipiki, binti akawekwa katikati, na mama nyuma akamshikilia asianguke. Alikuwa amekonda, macho yamepauka, na pumzi zinamwishia hata akisema maneno matatu. Mama alitupa daftari la matibabu la binti yake. Tulilisoma ukurasa kwa ukurasa.

Juma la kwanza: homa, kipimo cha malaria kimeonyesha ndiyo, dawa mseto. Juma la pili: homa imerudi, kipimo ndiyo tena, dawa mseto tena. Juma la tatu: kipimo cha taifodi, vidonge vya siku 5. Juma la nne hapakuwa na maandishi, ila mama alieleza kwamba walinunua vidonge vya rangi mbili dukani, 10 tu, kwa kuwa fedha haikutosha. Juma la tano: sindano 3. Kila mara homa ilishuka siku mbili tatu, kisha ikarudi. Majirani walikwisha kuanza kunong'ona juu ya UKIMWI, na shangazi mmoja alitaka apelekwe kwa mtaalamu wa kutegua uchawi.

Lazima tuseme ukweli. Ukurasa mmoja wa daftari hilo ulikuwa na mwandiko wa kwetu. Binti huyo alipita kwenye chumba chetu cha wagonjwa wa nje siku yenye foleni ndefu, akapimwa malaria, akapewa dawa, akaondoka. Hakuna kati yetu aliyemwekea chombo kifuani.

Jioni ile mwanafunzi wa uuguzi alikuwa akimwosha mikono. Akatuita, "Sista, hebu njoo uone kucha hizi." Chini ya kucha tatu kulikuwa na mistari myembamba ya rangi ya kahawia, kama vibanzi vya mti vilivyoingia. Tulidhani ni kazi ya shamba, lakini mama akasema, "Mwanangu hajashika jembe mwezi mzima, Sista." Tukavuta kope la chini la jicho, tukaona vidoa vyekundu viwili, vidogo kama ncha ya sindano. Tukasikiliza moyo. Badala ya milio miwili safi tulisikia mvumo, kama upepo unaopita kwenye ufa wa mlango.

Ndipo tukauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa juma la kwanza: je, aliwahi kuumwa viungo utotoni? Mama akakumbuka. Akiwa na miaka 9 magoti yalivimba, yakapona, kisha vifundo vya miguu, kisha viwiko. Daktari alisema moyo umeguswa, akaagiza sindano kila mwezi. Baadaye familia ilihamia shamba la mbali, na sindano zikakoma.

Damu ilichukuliwa ili kuotesha vijidudu maabara, lakini hakuna kilichoota, kwa sababu dawa za nyuma zilikuwa zimekwisha kuvidhoofisha. Daktari alilazimika kuanza tiba kwa kukisia. Asubuhi ya siku ya tatu binti alishindwa kushika kikombe cha uji kwa mkono wa kulia, na mdomo ukaenda upande. Kipande kilikuwa kimebanduka kwenye mlango wa moyo na kwenda kuziba mshipa wa ubongo. Alipelekwa hospitali ya rufaa, picha ya moyo ikathibitisha ugonjwa, akatibiwa majuma 6. Yu hai, na amejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Tunafurahi kwamba aliokoka, lakini hatuwezi kusema kwamba tulimtendea haki.

MILANGO YA MOYO HUAMBUKIZWAJE?

Moyo ni pampu yenye vyumba 4 na milango 4. Milango hiyo, inayoitwa pia valvu, hufunguka na kufungwa mara 100,000 hivi kwa siku, ili damu iende mbele tu na isirudi nyuma. Mlango mzima ni laini, na uchafu haunasi juu yake.

Bakteria huingia kwenye damu ya kila mmoja wetu mara kwa mara. Huingia kupitia fizi zinazotoka damu, jino lililooza, jipu, kidonda, njia ya mkojo, au sindano isiyo safi. Kwa kawaida askari wa mwili huwaua baada ya muda mfupi. Lakini mlango wa moyo wenye kovu ni kama ukuta wenye nyufa. Chembe za damu hunasa pale, bakteria nao hujishikiza, wakazaliana, na kufanya vinundu laini mfano wa kuvu kwenye gogo.

Madhara yake ni matatu. Kwanza, mlango huliwa, damu ikavuja kurudi nyuma, na moyo ukashindwa kazi. Pili, vipande vya vinundu hubanduka na kusafiri na damu hadi ubongo, figo, bandama, au mguu. Tatu, mwili hupigana vita isiyokwisha, ndiyo maana mtu huwa na homa, hukonda na kupungukiwa damu.

Ugonjwa huu huja kwa mwendo wa aina mbili. Bakteria wa ngozi, hasa stafilokoka, waweza kumwangusha mtu kwa siku chache. Bakteria wa kinywani wa jamii ya streptokoka huenda polepole, majuma na hata miezi. Huu wa polepole ndio unaofichwa zaidi na vidonge vya mafungu mafungu.

NANI AWE MACHO ZAIDI?

Katika nchi zetu, vijana wengi wenye kovu kwenye mlango wa moyo walilipata kutokana na homa ya baridi yabisi. Hii huanza na koo kuuma kwa sababu ya streptokoka, mara nyingi kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Majuma mawili au matatu baadaye viungo huvimba kimoja baada ya kingine. Viungo hupona bila kuacha alama, lakini moyo huweza kubaki na kovu la maisha.

Wengine wa kuwa macho ni waliozaliwa na kasoro ya moyo, waliowekewa mlango wa bandia, na waliowahi kuugua ugonjwa huu huko nyuma. Wapo pia wanaosafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo, na wanaojidunga dawa za kulevya. Hao wa mwisho huambukizwa zaidi upande wa kulia wa moyo, na huja wakilalamika kikohozi na maumivu ya kifua. Tusiwafukuze mlangoni kwa sababu ya tabia zao. Wao pia wana mama zao nyumbani wanaowalilia.

Hata hivyo, wapo wanaougua bila kujua kwamba waliwahi kuwa na tatizo lolote la moyo. Kwa hiyo dalili zifuatazo ni za kujua sote.

DALILI ZENYEWE

1. Homa. Huonekana kwa wagonjwa 9 hivi kati ya 10. Hupanda na kushuka, pamoja na kutetemeka kwa baridi na jasho la usiku. Lakini wazee, na waliokwisha kumeza antibiotiki, waweza kuugua bila homa kubwa.

2. Uchovu, kukonda, kukosa hamu ya chakula, maumivu ya viungo na ya mgongo. Dalili hizi hufanana na za kifua kikuu na za UKIMWI. Kupima magonjwa hayo ni jambo jema, lakini majibu yakiwa hapana tusiishie hapo.

3. Mvumo wa moyo, hasa ukiwa mpya au umebadilika. Huu husikiwa na mhudumu kwa chombo chake, wala hauhitaji umeme.

4. Kuishiwa pumzi, kushindwa kulala chali, miguu kuvimba. Hizi zinasema kwamba moyo umeanza kuzidiwa.

5. Vidoa vyekundu vidogo sana. Juu ya ngozi yetu nyeusi huwa vigumu kuonekana, na vitabu vingi vina picha za ngozi nyeupe. Tuvitafute pale panapong'aa: ndani ya kope la chini, kwenye kaakaa, na ndani ya midomo.

6. Mistari ya kahawia au nyekundu chini ya kucha, kama vibanzi. Mkulima na fundi seremala huweza kuwa nayo kwa sababu ya kazi. Kwa mtu aliyelala kitandani majuma mawili ina maana nyingine.

7. Vinundu vidogo vinavyouma kwenye ncha za vidole vya mikono au miguu, au mabaka mekundu yasiyouma kwenye viganja na nyayo. Ugonjwa ukikaa muda mrefu, ncha za vidole hunenepa na kucha hupinda.

8. Bandama kuvimba, upungufu wa damu, na damu kwenye mkojo, ambayo mara nyingi haionekani kwa macho bali kwa kipimo.

9. Kiharusi kwa kijana mwenye homa, au mguu unaopoa na kuuma ghafla. Hii ni hatari ya saa ile ile. Mgonjwa asilale nyumbani akisubiri kupambazuke.

Yafaa tukumbuke mambo mawili. Dalili za namba 5 hadi 7 huonekana kwa wagonjwa wachache tu, kwa hiyo kutoziona si ushahidi kwamba moyo ni mzima. Na dalili moja peke yake haithibitishi ugonjwa. Ni zile zinazokuja pamoja ndizo zinazopaswa kutushtua, yaani homa isiyokwisha, mvumo wa moyo, na lolote kati ya hayo mengine.

KWA NINI MALARIA HUTUDANGANYA?

Hatusemi kwamba malaria si kitu. Malaria bado inaua, na mtoto mwenye homa anapaswa kupimwa siku ile ile. Tunalosema ni kwamba jibu la ndiyo kwenye kipimo cha malaria halifungi mlango wa maswali mengine.

Kwanza, katika maeneo yenye malaria nyingi mtu aweza kuwa na vimelea vichache kwenye damu huku homa yake inatoka kwingine. Pili, aina nyingi za kipimo cha haraka hutafuta protini ya vimelea, wala si vimelea vyenyewe. Protini hiyo huweza kubaki kwenye damu majuma kadhaa baada ya vimelea kufa. Ndiyo maana mtu aliyekwisha kumaliza dawa mseto aweza kupimwa tena juma la pili na kuonyesha ndiyo, ingawa malaria imepona. Tatu, kile kipimo cha taifodi kinachoitwa Widal hudanganya mara nyingi, naye mgonjwa huambiwa ana "malaria na taifodi" kana kwamba magonjwa hayo ni mapacha.

Hivyo basi, tunapendekeza kanuni moja rahisi ya kukumbuka. Ukimaliza dawa ya malaria kama ilivyoagizwa na homa ikarudi, usirudi kuomba dawa ile ile. Rudi kuomba uchunguzi. Sema wazi kwa mhudumu, "Naomba mnisikilize moyo." Si utovu wa adabu kusema hivyo. Sisi tumefundishwa kusikiliza, na kukumbushwa kazi yetu si matusi.

DAMU KWANZA, DAWA BAADAYE

Hapa ndipo penye kiini cha maoni yetu, na tunajua si wote watakaotuunga mkono.

Ugonjwa huu haupimwi kwa tone la kidoleni. Damu huchukuliwa kwenye mishipa, mara 3 na mahali tofauti, ikawekwa kwenye chupa maalumu na kuoteshwa hadi siku 5. Bakteria wakiota, maabara huweza kusema ni wa aina gani na dawa ipi itawaua. Hili ni muhimu, maana tiba yenyewe ni ndefu: kwa kawaida majuma 4 hadi 6 ya antibiotiki kupitia mshipa, na wagonjwa wengine huhitaji upasuaji wa moyo. Hakuna atakayependa kuchomwa dawa majuma 6 kwa kukisia.

Sasa mtu akimeza vidonge 10 vya rangi mbili, au akichomwa sindano 3 njiani, nini hutokea? Bakteria wa juu juu hufa, homa hushuka, na familia hushukuru. Lakini walio ndani ya vinundu hubaki. Ni kama kufyeka magugu kwa panga badala ya kung'oa mizizi. Na damu ikichukuliwa siku hizo, chupa hubaki tupu. Kumeza antibiotiki kabla ya damu kuchukuliwa ni sababu kubwa ya kipimo hicho kutoonyesha kitu.

Wengine watatuuliza, "Je, mtu anaungua homa, tumwache bila dawa?" La, hasha. Dawa ya kushusha homa apewe, maji anywe, malaria ikiwepo itibiwe. Na mgonjwa aliyezidiwa asicheleweshwe hata kidogo. Kuchukua damu ni kazi ya dakika chache, na dawa ya mshipa huanza mara baada yake. Tunachopinga ni mtu mwenye homa ya majuma mawili, tena mwenye historia ya moyo, kupewa vidonge vya kujaribu jaribu bila chupa ya damu kuchukuliwa wala moyo kusikilizwa.

"HATUNA MASHINE"

Tunasikia pia wenzetu wa zahanati wakisema, "Hospitali kubwa zina mashine ya kupiga picha ya moyo. Sisi tuna chombo cha masikioni na kipimajoto tu. Tutafanya nini?"

Tunawaelewa. Lakini mwaka 1885 daktari William Osler kutoka Kanada alitoa mihadhara maarufu mjini London juu ya ugonjwa huu. Wakati huo hapakuwa na picha ya moyo, wala eksirei haikuwa imegunduliwa. Alikuwa na masikio, macho na mikono, pamoja na yale yaliyoonekana kwa waliokufa. Vile vinundu vinavyouma vya vidoleni hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Tofauti ni kwamba yeye aliutambua ugonjwa akakosa dawa. Karibu wagonjwa wote walikufa, hadi penisilini ilipopatikana katika miaka ya 1940. Sisi tuna dawa, lakini tunachelewa kuutambua ugonjwa.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani walitoa mwaka 1994 utaratibu wa kuamua nani ana ugonjwa huu. Ulirekebishwa mwaka 2000, na tena mwaka 2023. Nguzo zake kubwa ni damu iliyooteshwa na picha ya moyo. Lakini homa ya nyuzi 38 au zaidi, historia ya moyo, na dalili za vidoleni na machoni nazo huhesabiwa. Na katika marekebisho ya 2023 waliongeza jambo linalotuhusu sana sisi wa vijijini. Mahali pasipo na mashine ya picha, mvumo mpya wa mlango unaovuja uliosikiwa kwa masikio nao huhesabiwa. Basi sikio la muuguzi wa zahanati lina uzito. Kazi yake si kumaliza kila kitu. Kazi yake ni kushuku mapema, kuandika alichokiona, na kumpa mgonjwa barua ya rufaa kabla ya kidonge.

Kuhusu gharama, tunajua safari ya rufaa ni mbuzi wawili au magunia ya mahindi. Hatuwabezi wanaosita. Lakini tulipojumlisha malipo yaliyokuwa kwenye daftari la yule binti, nauli, vipimo na vidonge vya majuma 5, yalitosha nauli ya kwenda rufaa na kurudi. Na ugonjwa huu hausubiri. Hata katika hospitali zenye vifaa vyote, mgonjwa 1 hivi kati ya 5 hufa kabla ya kutoka wodini. Anayefika mapema ana nafasi nzuri zaidi.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Watoto wenye koo linalouma na homa wapelekwe kwa mhudumu, wala wasipelekwe kukatwa kimeo. Kukata kimeo hakutibu streptokoka, tena huacha kidonda na kufungua njia ya bakteria kuingia kwenye damu.

Mtoto aliyeandikiwa sindano ya penisilini ya kila mwezi kwa sababu ya homa ya baridi yabisi asiikose. Utafiti uliofanyika nchini Uganda kwa watoto 818 wenye dalili za mwanzo za moyo kuguswa, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2021, ulionyesha faida ya sindano hizo. Baada ya miaka 2, waliozidiwa ugonjwa miongoni mwa waliochomwa walikuwa chini ya 1 kati ya 100, na miongoni mwa wasiochomwa walikuwa 8 kati ya 100. Familia ikihama, iombe barua ya kuendelea na sindano huko iendako.

Lakini tuelewane vizuri: sindano hiyo huzuia homa ya baridi yabisi isirudi. Haimkingi mtu na uambukizo wa milango ya moyo. Kwa huo, kinga ya kila siku ni kinywa safi na ngozi safi. Piga mswaki asubuhi na jioni, tibu jino bovu mapema, usikamue majipu, usichanjwe chale kwa wembe wa mtu mwingine. Mwenye mlango wa bandia, au aliyewahi kuugua ugonjwa huu, amwambie daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino, ili apewe antibiotiki kabla ya kazi kuanza. Mwenye kovu la homa ya baridi yabisi naye amuulize daktari wake kama anaihitaji.

TUNAWAOMBA NINI?

Wazazi, litunzeni daftari la matibabu. Andikeni tarehe homa ilipoanza na kila dawa iliyomezwa, hata ile ya dukani, hata kama ni vidonge viwili. Msione haya kutuambia. Tukijua ukweli tunaweza kusaidia zaidi.

Wana jumuiya ndogo ndogo, mkimtembelea mgonjwa wa majuma mengi, acheni minong'ono juu ya UKIMWI na uchawi. Ulizeni kama moyo wake umesikilizwa. Kama nauli ndiyo kikwazo, changeni mapema, kwa maana mchango wa nauli ni mdogo kuliko ule wa msiba.

Wauza dawa, mnapoombwa antibiotiki na mtu ambaye homa yake imerudi mara ya pili, mwelekezeni hospitali. Mtapoteza fedha kidogo na kuokoa mteja.

Na wauguzi wenzetu, foleni haitapungua kesho. Lakini kutazama kucha, kuvuta kope na kusikiliza kifua ni dakika 5. Tangu siku ya yule binti, sisi wodini tumejiwekea sharti kwamba kila mwenye homa iliyorudi asiandikiwe dawa ya pili kabla moyo wake haujasikilizwa. Siku nyingine tunachoka, na siku nyingine hatusikii kitu. Lakini sharti hilo linabaki ukutani, juu ya meza ya dawa, ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kutukumbusha.

Tukutane toleo lijalo.